Imani Isiyo na Amana: Uhakiki wa Mifumo ya Kutathmini Imani kati ya Vifaa Janja katika Intaneti ya Vitu ya Kijamii

1. Utangulizi

Dhana ya Intaneti ya Vitu ya Kijamii iliwekwa bayana na Atzori, Iera na Morabito (2011), kisha ikafafanuliwa kwa mapana zaidi na Atzori, Iera, Morabito na Nitti (2012). Kiini chake ni kwamba vifaa vilivyounganishwa na intaneti, kama vile kamera, vihisi, kufuli za kielektroniki, magari na simu janja, vinaweza kujenga mahusiano vyenyewe kwa vyenyewe, kwa kufuata kanuni zilizowekwa na wamiliki wao, na kuyatumia mahusiano hayo kutafuta huduma na taarifa. Kifaa kinachohitaji taarifa hakilazimiki kuuliza seva moja ya kati. Huuliza marafiki zake, nao huuliza marafiki zao. Mpangilio huo hurahisisha utafutaji hata pale idadi ya vifaa inapokuwa kubwa mno, lakini huzaa swali ambalo mpangilio wa seva moja haukulikabili kwa uzito huo: kifaa kitajuaje kwamba kile kinachokijibu kinastahili kuaminiwa?

Swali hilo lina athari za moja kwa moja katika maisha ya watu. Kiyoyozi kinachopokea taarifa ya uongo kuhusu joto la chumba hupoteza umeme kidogo. Kufuli inayopokea uthibitisho wa uongo kuhusu mtu aliyesimama mlangoni humweka mwenye nyumba hatarini. Hata hivyo, mifumo mingi iliyopendekezwa hushughulikia hali hizo mbili kwa hesabu inayokaribiana. Uhakiki huu unajikita katika mifumo mitatu inayorejelewa sana katika uwanja huu: mfumo wa Nitti, Girau na Atzori (2014), mfumo wa Chen, Bao na Guo (2016), na mfumo wa Truong na wenzake (2017). Hoja inayotetewa ni kwamba mifumo hiyo imepiga hatua kubwa katika kupima mwenendo uliokwisha kuonekana, lakini imeweka pembeni jambo linaloifanya imani iwe imani, yaani kitu kinachokabidhiwa mikononi mwa mwingine, pamoja na mtu atakayebeba hasara kitu hicho kikipotea.

2. Imani, uaminifu, kuaminika na amana

Kabla ya kuhakiki mifumo yenyewe, ni muhimu kubainisha istilahi. Kiswahili hutenganisha mambo ambayo maandiko mengi ya uwanja huu huyachanganya. Imani ni hali ya yule anayeamini. Uaminifu ni sifa ya yule anayeaminiwa. Kuaminika ni kule kuonekana na kukubalika kwa sifa hiyo mbele ya wengine. Amana, neno linalotokana na mzizi uleule wa Kiarabu, ni kitu kinachowekwa mikononi mwa mwingine kwa matarajio kwamba atakitunza na kukirejesha. Mtu anaweza kuwa mwaminifu bila kuaminika, kwa sababu hajulikani. Na anaweza kuaminika bila kuwa mwaminifu, kwa sababu amefaulu kudanganya.

Mgawanyo huo unaafikiana na mjadala wa kifalsafa. Gambetta (1988) aliieleza imani kuwa ni ukadiriaji wa uwezekano, alionao mtu, kwamba mwingine atatenda tendo fulani. Fasili hiyo ndiyo iliyopokelewa kwa urahisi na wanasayansi wa kompyuta, kwa sababu uwezekano ni namba na namba hukokotoleka. Baier (1986), kwa upande wake, aliitazama imani kama uhusiano wa pande tatu: A humwamini B kwa kitu C anachokithamini. Kwa mtazamo huo, imani haipo mpaka kuwepo kitu kilichowekwa hatarini. Kumtegemea mwingine bila kumkabidhi chochote cha thamani ni kutegemea tu, na akishindwa, aliyetegemea hukatishwa tamaa lakini hasalitiwi.

Inafaa kukumbuka kwamba Marsh (1994), katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stirling, ambayo ni miongoni mwa kazi za mwanzo kuiweka imani katika hesabu za kompyuta, aliingiza umuhimu wa hali na hatari inayohisiwa katika ukokotoaji wa kizingiti cha kushirikiana. Kwa maneno mengine, amana ilikuwamo tangu mwanzo. Uhakiki wa mifumo iliyofuata unapaswa kuuliza amana hiyo ilipotelea wapi.

3. Mafanikio ya mifumo mitatu

Nitti, Girau na Atzori (2014) walipendekeza mikabala miwili. Katika mkabala wa kwanza, kila nodi hukokotoa yenyewe imani yake kwa nyingine, ikitumia uzoefu wake na maoni ya marafiki inaoshirikiana nao. Katika mkabala wa pili, taarifa za kila nodi huhifadhiwa katika hazina iliyosambazwa miongoni mwa nodi zinazoaminika tangu awali, hivyo thamani ya imani huwa moja kwa mtandao mzima. Vigezo vyao ni pamoja na mrejesho wa miamala, uzito wa muamala, ukati wa nodi katika mtandao, aina ya uhusiano na uwezo wa kifaa wa kukokotoa. Mambo mawili yanastahili sifa. La kwanza ni kigezo cha uzito wa muamala, ambacho huzuia kifaa kujijengea jina kwa miamala midogo na kisha kulitumia jina hilo kudanganya katika muamala mkubwa. La pili ni kwamba kifaa chenye uwezo mkubwa wa kukokotoa hupewa imani ndogo zaidi mwanzoni, kwa kuwa kina uwezo mkubwa zaidi wa kudanganya. Huo ni utambuzi makini: akili nyingi si ushahidi wa uaminifu.

Chen, Bao na Guo (2016) hawakutosheka na sifa moja. Waligawanya imani katika ukweli wa kifaa, moyo wake wa kushirikiana, na mlingano wa masilahi ya jamii ambamo kifaa kimo. Mchango wao mkubwa ni kuonesha kwamba uzito unaopewa uzoefu mpya dhidi ya ule wa zamani hauwezi kuwekwa mara moja na kuachwa. Uzito huo ukiwa mkubwa, mfumo hutambua mabadiliko haraka lakini thamani zake huyumba. Ukiwa mdogo, thamani hutulia lakini mfumo huchelewa kugundua kifaa kilichobadilika. Kwa hiyo walipendekeza uzito unaojirekebisha kulingana na mazingira.

Truong na wenzake (2017) waliiunganisha imani kutokana na nguzo tatu: maarifa kuhusu kifaa, uzoefu wa moja kwa moja na sifa yake mbele ya wengine. Katika nguzo ya uzoefu, ushirikiano mwema hujenga imani polepole, ushirikiano mbaya huibomoa kwa kasi zaidi, na kutokutana kwa muda mrefu huififisha. Mpangilio huo unakaribiana na hali halisi ya wanadamu, ambao huhitaji muda mrefu kumwamini mtu na tukio moja kumwacha.

4. Undugu wa vifaa

Mahusiano matano ya Intaneti ya Vitu ya Kijamii ni ya kizazi, ya mahali, ya kazi, ya umiliki na ya kukutana. Vifaa vya uhusiano wa kizazi ni vile vya mtengenezaji mmoja vilivyotoka katika kundi moja la uzalishaji. Vya uhusiano wa umiliki vina mmiliki mmoja. Waasisi wa dhana hii waliihusisha na nadharia ya Fiske (1992) kuhusu miundo minne ya mahusiano ya binadamu. Nitti na wenzake waliupa kila uhusiano thamani maalumu, uhusiano wa umiliki ukiwa juu kuliko yote na ule wa kizazi ukiwa chini. Thamani hizo huwa na nguvu zaidi pale miamala inapokuwa michache, na hupungua nguvu kadiri uzoefu unavyoongezeka. Maana yake ni kwamba uhusiano husimama mahali pa ushahidi wakati ushahidi haupo, na huo ndio wakati ambao kosa ni rahisi zaidi kutokea.

Tatizo la kwanza lipo katika uhusiano wa kizazi. Mwaka 2016, programu hasidi iliyojulikana kwa jina la Mirai ilienea katika kamera, ruta na vifaa vya kurekodi video kwa kujaribu orodha fupi ya majina ya watumiaji na nywila za kiwandani. Uchunguzi wa Antonakakis na wenzake (2017) ulionesha kwamba vifaa vilivyotekwa vilifikia kilele cha takribani 600,000. Tarehe 21 Oktoba 2016, shambulio lililohusishwa na vifaa hivyo liliielemea kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitoa huduma ya majina ya tovuti, na tovuti nyingi mashuhuri zikashindwa kufikiwa kwa saa kadhaa. Vifaa hivyo vilitekwa kwa sababu vilifanana. Nywila iliyofungua kimoja ilifungua na vingine vya aina yake.

Kwa hiyo, kufanana kwa vifaa kunapaswa kusomwa kwanza kama hatari ya pamoja. Kuupa uhusiano wa kizazi thamani ya chini hakutoshi, kwa sababu thamani hiyo ni ileile siku zote. Haishuki hata pale ndugu wa kifaa wanapobainika kuwa wametekwa. Kamera yenye historia safi ya miamala elfu moja hubaki na jina zuri katika hesabu, ingawa kamera nyingine za kundi lake la uzalishaji zimekwisha kugeuka. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Katika uwanja huu methali hiyo inaweza kuchukuliwa kama kanuni ya usanifu: kufanana kutumike kusambaza tahadhari, na imani itokane na kufaana kulikothibitishwa.

Tatizo la pili ni zito zaidi, nalo limo katika uhusiano wa umiliki. Thamani ya juu inayopewa uhusiano huo inachukulia kwamba vifaa vya mmiliki mmoja vina sababu ya kuaminiana kuliko vingine vyote, na kwamba masilahi ya mmiliki ni masilahi ya wote wanaoishi na vifaa hivyo. Dhana hiyo huvunjika ndani ya nyumba yenye watu zaidi ya mmoja. Utafiti kuhusu teknolojia na ukatili wa majumbani, ukiwamo mradi wa Jinsia na Intaneti ya Vitu wa University College London, umeeleza jinsi kamera, kufuli na vipaza sauti vinavyoweza kutumiwa na mwenza mmoja kumfuatilia na kumdhibiti mwingine. Katika hali hiyo hakuna kifaa kilichotekwa, hakuna muamala ulioshindwa na hakuna mrejesho mbaya. Kila kifaa kinatii mmiliki wake kikamilifu, na mfumo wa tathmini utatoa alama za juu kwa vifaa vyote. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mfumo unaopima utiifu wa vifaa kwa mmiliki hauna mahali pa kuandika maumivu ya asiye mmiliki. A na B wamo katika mlinganyo. Yule ambaye usalama wake ndio amana hayumo.

5. Alama moja kwa mambo mengi

Mifumo mingi ya uwanja huu huishia katika namba moja kati ya 0 na 1. Udhaifu wa namba hiyo huonekana wazi katika fomyula ya Jøsang na Ismail (2002), ambayo imekuwa msingi wa hesabu nyingi za sifa. Ikiwa kifaa kina miamala myema r na mibaya s, thamani inayotarajiwa ni (r+1)/(r+s+2). Kifaa chenye miamala myema 8 bila mibaya hupata 9/10, yaani 0.9. Kifaa chenye miamala myema 98 na mibaya 10 hupata 99/110, ambayo pia ni 0.9. Cha kwanza hakijulikani vya kutosha. Cha pili kinajulikana vizuri, na kinachojulikana ni kwamba kimekwisha kushindwa mara 10. Mfumo unaotazama namba ya mwisho pekee utavikabidhi vifaa hivyo viwili funguo za mlango mmoja bila kuona tofauti.

Ni haki kusema kwamba Jøsang mwenyewe, katika mantiki yake ya ubinafsi wa maoni, alitenga sehemu ya kutokuwa na uhakika, ambayo kwa mfano huu ni 2/10 kwa kifaa cha kwanza na 2/110 kwa cha pili. Aidha, mgawanyo wa sifa tatu wa Chen na wenzake, na ule wa nguzo tatu wa Truong na wenzake, huhifadhi tofauti fulani hadi hatua ya mwisho. Lakini hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye kuamua. Uamuzi wa kufungua au kutofungua mlango hufanywa kwa kulinganisha namba moja na kizingiti, na maandiko haya yanatumia juhudi nyingi kwa namba na juhudi chache kwa kizingiti. Kizingiti ndiyo nafasi ya amana. Kinapaswa kupanda na kushuka kulingana na kinachoweza kupotea, na na nani atakayekipoteza. Kigezo cha uzito wa muamala cha Nitti na wenzake ni hatua kuelekea huko, lakini kinaupima uzito kwa jicho la nodi inayoomba huduma, si kwa jicho la mtu anayeathirika.

6. Wapendekezaji wasio wadhamini

Mashambulizi yanayotajwa katika maandiko haya yamepangwa vizuri: kujikweza, kuwapaka wengine matope, kusifiana kwa njama, kutenda mema na mabaya kwa zamu, na kujisafisha jina kwa kuondoka mtandaoni na kurudi na utambulisho mpya. Dawa inayotolewa mara nyingi ni kuchuja mapendekezo. Chen, Guo na Bao (2016), kwa mfano, huyapa uzito zaidi mapendekezo ya nodi zinazofanana na mwulizaji kwa urafiki, kwa kukutana na kwa jamii ya masilahi.

Mbinu hiyo hupunguza kelele, lakini haibadili asili ya pendekezo. Katika mifumo hii anayependekeza vibaya hupungukiwa na alama ya kuaminika kwake, basi. Katika desturi za mikopo na ajira, mdhamini ni mtu wa namna nyingine: anayemdhamini mkopaji hulipa deni mkopaji akikimbia. Maneno ya mdhamini yana uzito kwa sababu mali yake imo ndani ya maneno hayo. Pendekezo la kifaa halina mali ndani yake. Kushuka kwa alama si hasara kwa kitu kisicho na hofu, na kwa yule anayeweza kununua vifaa vingine 50 na kuanza upya, si hasara kubwa hata kwa mtu.

Dhamana ya kweli imeanza kujengwa nje ya mifumo hii, katika sheria. Uingereza ilianza kutekeleza tarehe 29 Aprili 2024 masharti yanayokataza nywila rahisi za kiwandani katika vifaa vya watumiaji vinavyounganishwa, na kumtaka mtengenezaji aeleze muda atakaotoa marekebisho ya usalama. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni ya ustahimilivu wa mtandaoni, ambayo wajibu wake mkuu utaanza kutumika tarehe 11 Desemba 2027. Kwa hatua hizo kuna mtu anayewajibishwa. Nguzo ya maarifa katika mfumo wa Truong na wenzake inaweza kupokea taarifa za namna hiyo: kama kifaa bado kinapata marekebisho, na nani anawajibika kikishindwa. Kifaa ambacho mtengenezaji wake amekitelekeza hakina mdhamini, hata kama historia yake ni safi.

7. Ushahidi wa uigaji

Suala la mwisho ni namna mifumo hii inavyothibitishwa. Nitti na wenzake walitumia kiigaji cha mwendo wa watu kilichoitwa SWIM, kwa kuwa data ya mwingiliano halisi wa vifaa vingi haikuwapo. Uamuzi huo ulieleweka kwa wakati wake. Tatizo ni mantiki ya jaribio lenyewe. Katika uigaji, mtafiti huamua nodi zipi ni hasidi na zitende uovu gani, kisha hupima kama mfumo umezitambua. Uovu huo kwa kawaida ni kutoa huduma mbovu au maoni ya uongo, yaani yaleyale ambayo mlinganyo umeundwa kuyaona. Mfumo unapofaulu, umethibitisha kwamba unaona ulichoundwa kuona. Hakuna katika jaribio hilo kifaa kinachofanana na kamera za Mirai, ambazo ziliendelea kuwapa wamiliki wao picha huku zikishambulia wengine. Wala kifaa kinachotoa huduma safi kwa mmiliki huku kikimdhuru anayeishi naye.

Hii haimaanishi kwamba uigaji uachwe. Inamaanisha kwamba asilimia ya miamala iliyofaulu haiwezi kuwa kipimo pekee cha imani. Jaribio linalofaa linapaswa kuwa na angalau aina tatu za uovu zisizotokana na mlinganyo unaopimwa: utekwaji wa pamoja wa vifaa vya kizazi kimoja, madhara kwa mtu asiyeshiriki katika muamala, na utiifu kamili kwa mmiliki mwenye nia mbaya. Mfumo utakaoshindwa katika majaribio hayo hautakuwa umepoteza thamani yake yote, lakini mipaka yake itakuwa imejulikana kabla haujawekwa mlangoni kwa mtu.

8. Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba mifumo mitatu iliyochunguzwa imejibu vizuri swali la namna ya kukadiria mwenendo wa kifaa kutokana na uzoefu na maoni ya wengine. Imejibu kwa uchache swali la kile kinachokabidhiwa, kwa hasara ya nani, na kwa dhamana ya nani. Mapengo manne yamebainika: kufanana kunasomwa kama ukaribu badala ya hatari ya pamoja, umiliki unachukuliwa kuwa sawa na masilahi ya wote, mapendekezo hutolewa bila dhamana, na uthibitisho hufanywa kwa uovu uliobuniwa ulingane na mlinganyo.

Mapengo hayo hayazibwi kwa kuongeza kigezo kingine kwenye jumla ileile. Yanahitaji kutenganisha hatua mbili ambazo kwa sasa zimeunganishwa: kukadiria kuaminika kwa kifaa pamoja na kiwango cha kutokuwa na uhakika, na kuamua kizingiti kwa kuzingatia amana na mwenye amana. Hatua ya kwanza inaweza kuachiwa vifaa. Hatua ya pili ni ya watu, na wanaostahili kushirikishwa humo ni wote wanaoishi chini ya paa ambalo vifaa hivyo vinalilinda, akiwamo yule ambaye jina lake halimo katika akaunti ya mmiliki.